Daraja Lililowavusha Wapangaji Wangu

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za Mwanza kwa miaka 26, na ninaomba jambo hilo lizingatiwe kabla sijachekwa, kwa sababu hesabu niliyoipiga mwaka 2022 ilikuwa sahihi kwa kila tarakimu, isipokuwa nililisahau daraja.

Kwa asiyeyafahamu maeneo yetu, barabara itokayo Mwanza kwenda Geita ilikuwa ikikatika Kigongo, upande wa Misungwi, ikazama katika mkono wa Ziwa Victoria, na kuibukia Busisi, upande wa Sengerema. Katikati hapo palikuwa na vivuko na foleni. Gari dogo lingeweza kusubiri saa mbili, na dereva wa lori aliyekosa bahati alitafuta pa kulala. Foleni hiyo ndiyo iliyokuwa mji wenyewe: iliwalisha mama lishe, vijana wa mayai ya kuchemsha, wauzaji wa sato wa kukaanga na wenye nyumba za kulala wageni. Mwaka 2020 ujenzi wa daraja ulipoanza, mafundi nao wakaongezeka juu ya wasafiri, na chumba cha kupanga Busisi kikawa adimu kama kiti cha dirishani siku ya mkesha wa Krismasi.

Nilikuwa na akiba yangu na mkopo wa watumishi. Kwa fedha hizo, Nyegezi au Buhongwa, huku huku Mwanza mjini, ningepata kiwanja na matofali ya kukitazamia tu, ilhali Busisi ningeweza kununua kiwanja, kujenga vyumba vinane, kuvuta umeme na kubaki na nauli. Gharama zote zilikuwa shilingi milioni 24. Kila chumba kingetoa 40,000 kwa mwezi, vyote 320,000, kwa mwaka 3,840,000. Nikagawanya: baada ya miaka sita na miezi mitatu fedha yangu ingekuwa imerudi yote, na kuanzia hapo kila senti ingekuwa faida. Niliipigia hesabu hiyo mstari chini mara mbili, kwa rula, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, kisha nikampelekea mke wangu daftari.

Mke wangu huuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kivuko cha Busisi amekipanda mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda daladala. Alikuwa anachambua mchele. Aliisoma hesabu yote bila kuacha kuchambua, akauliza, "Baba Neema, na daraja likiisha?"

Nikamweleza kwamba daraja likikamilika mji utakua, wawekezaji watakuja, thamani ya ardhi itapanda. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka gunia la dagaa kwa bei ya debe, akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

Dalali alinipokea Busisi kwa "Mwadila, mwalimu" yenye heshima zote, akanipeleka moja kwa moja kwenye kiwanja kilichokuwa kinalambwa na maji. Alikisifu sana: mpangaji angenawa uso kwa kutoa mkono dirishani. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa makazi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwamba mwaka 2020 ziwa lilipopanda, waliojenga ufukweni walilala na maji sebuleni. Nilikuwa nimebeba kamba iliyokwisha kupimwa. Nikamshikisha ncha moja ukingoni, akasimama na viatu vyake vya kuchongoka kwenye matope, nami nikapanda kilima nikihesabu kwa sauti hadi 60, kisha nikaongeza kumi za usalama. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kushona. Kiwanja nilichonunua kilikuwa juu ya hapo, kikavu, chenye hati ya mauziano iliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Nilirudi Mwanza nikijiambia kwamba hatari zote za uwekezaji nimezipima kwa kamba.

Ujenzi sitausimulia. Kila aliyewahi kujenga akiwa mbali na fundi wake anajua saruji huenda wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 vyumba vilijaa ndani ya juma moja, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kila chumba kama ilivyo desturi. Niliwapata fundi nondo wawili, welda, dereva wa tipa, mpishi wa kambini, mlinzi, kijana aliyefanya kazi kwenye vivuko na, katika chumba cha nane, mama lishe ambaye banda lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye foleni. Walilipa miezi sita mbele. Nilinunua kitabu cha risiti chenye karatasi za nakala, nikawa ninakwenda Busisi kila mwisho wa muhula kama mkaguzi, nikigonga kuta kwa kidole pasipo sababu yoyote.

Tatizo lilianzia redioni, ingawa sikulitambua. Kila mara taarifa ya habari ilipotangaza asilimia ambayo ujenzi wa daraja ulikuwa umefikia, mimi kama Mtanzania nilifurahi, nikaongeza sauti, nikawaita watoto wasikilize. Ilinichukua muda mrefu, kwa mwalimu wa hisabati, kuelewa kwamba asilimia zile zilikuwa notisi za wapangaji wangu zikisomwa hewani kwa awamu. Nilianza kushtuka fundi nondo wote wawili walipoaga siku moja, wakieleza kwa adabu kwamba kazi ya nondo imekwisha. Welda akafuata. Kila aliyeondoka alinishukuru kwa chumba kizuri, na dalali akaniambia nisihofu, wateja wapo, tuteremshe tu kidogo hadi 30,000. Wenye nyumba wengine nao walikuwa wamefikiri kama mimi, wakajenga kama mimi, na sasa wakateremsha hadi 25,000.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, nami nilikuwapo katika umati, nimevaa shati jipya. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Siwezi kusema uongo: ni daraja zuri, na mtu aliyewahi kumpeleka mgonjwa Bugando usiku, akakuta kivuko kiko ng'ambo, hawezi kulisikitikia. Lakini pembeni yangu alisimama kijana wangu wa chumba cha saba, yule wa vivuko, naye hakupiga makofi. Tulitazamana. Jioni hiyo alinirudishia ufunguo.

Akabaki mama lishe. Nilipokwenda kumwona mwezi uliofuata nilimkuta amekaa mbele ya sufuria tatu zilizofunikwa, akipunga nzi kwa kipande cha boksi. Magari yalikuwa yakipita juu mfululizo, moja baada ya jingine, bila hata moja kupunguza mwendo.

"Mwalimu, watu hawana njaa tena," akaniambia. "Ndani ya dakika tano mtu hawezi kuona njaa."

Alikuwa anadaiwa miezi mitatu. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha risiti, lakini kilibaki mfukoni, maana alikwisha kunipakulia ugali na sato mzima, na sikuwa na njia ya kudai kodi huku ninachambua miiba. Nilipomaliza akasema tuhesabu sahani ile kama sehemu ya malipo. Nilikubali. Mwezi wa tisa alihamishia sufuria zake Sengerema mjini, mimi nikiwa nimekwisha kula takriban kodi ya mwezi mmoja na nusu.

Waliojitokeza baadaye niliwakataa kwa kiburi ambacho sasa ninakijutia. Mmoja alitaka vyumba vinne vya kuhifadhia mkaa. Mwingine alitaka kubomoa kuta tatu ili aanzishe kanisa. Wa tatu aliuliza kwa upole kama ninapokea mbuzi, na alikuwa tayari kulipa 15,000, ambayo ni zaidi ya nilichopata kwa binadamu tangu hapo.

Mwezi Machi mwaka 2026 nikaamua kuuza. Dalali alipata mnunuzi kutoka Mwanza, nami nikatangulia kupafanyia usafi. Taa hazikuwaka, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekaa miezi sita bila mtu wa kununua umeme. Nikanunua LUKU ya 10,000 kwa simu. Ujumbe uliporudi niliusoma mara mbili: kodi ya jengo, ambayo hukatwa humo humo 1,500 kwa mwezi, ilikuwa imelimbikizwa miezi sita, ikachukua 9,000. Kwa elfu iliyosalia niliwasha taa ya barazani peke yake, mchana kweupe, ili mgeni aone kwamba umeme upo.

Saa tano mnunuzi akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mwalimu, daraja hili ni la ajabu! Mimi nimeshafika Sengerema mjini. Nyumba iko upande gani?"

Nikamwambia amepitiliza, ageuze, Busisi iko nyuma yake, mara tu kabla ya daraja. Akaomba radhi, akageuza. Nilitoka barabarani nikasimama juani na daftari mkononi ili nimpungie. Baada ya nusu saa gari jeupe lilipita mbele yangu kwa kasi, dereva akanipungia pia, kwa uchangamfu, kama tunavyowapungia watu wa vijijini tukiwa safarini, likapanda darajani. Simu ikaita.

"Samahani sana, mwalimu. Hapa nilipo wananiambia ni Kigongo. Hiyo Busisi yenyewe ina nini cha kuitambulisha?"

Nikageuka kutazama. Kulikuwa na mimi, na taa ya barazani.