Watoto umewaacha na nani?

Swali hilo nililihesabu. Kutoka stendi ya Kange, Tanga, mpaka tunashuka kivukoni Nansio kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, niliulizwa mara tisa. Muuza korosho aliniuliza. Mama wa kiti cha mbele aliniuliza kabla hata hatujafika Segera, kisha akanigeukia mara ya pili, nadhani kuona kama nitabadilisha jibu. Mume wangu tulikaa naye bega kwa bega safari nzima na hakuna aliyemuuliza. Yeye aliulizwa habari za timu ya Coastal Union.

Watoto tulimwachia mama yao mdogo, mdogo wangu wa kufuatana, Muheza. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2025, shule zimefungwa, machungwa yameiva. Kifungua mimba ana miaka kumi na mitatu, wa kati kumi, kitinda mimba mitano. Sisi tulikuwa tunakwenda kutembea tu. Hatukuwa na msiba huko, wala harusi, wala mgonjwa wa kumwangalia. Wiki tatu.

Nilipomwambia mama, alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, kama ni kazi ungesema." Alikuwa ananitafutia udhuru. Ningemwambia nimepata semina ya wiki tatu Mwanza angenifungia na bagia za njiani.

Nimelifikiria sana lile neno lake. Tunajidai kwamba hatuwezi kutengana na watoto, lakini tunatengana nao kila siku bila kutokwa na jasho. Mpaka mwaka 2023, serikali ilipopiga marufuku bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, walikuwepo wazazi wanaompeleka bweni mtoto ambaye hajajua kufunga kamba za viatu, na majirani wanawasifu kwamba wanajali elimu. Marufuku ilipotoka nakumbuka wazazi walivyolalamika. Pwani yote hii wapo akina mama waliokwenda Oman kufanya kazi za ndani, mkataba miaka miwili, na watoto wanalelewa na bibi. Tunawaombea dua, na ni haki yao kuombewa. Baba anayesoma nje ya nchi tunamwita mpambanaji. Kwa hiyo kumwacha mtoto hakujawahi kutushinda. Kinachotushinda ni kumwacha halafu ukaenda kufurahi. Mzazi aondoke akiwa amebeba mzigo, akitoka mikono mitupu anacheka tunamwona kapungukiwa.

Wengine huniambia hayo ni mambo ya kuiga Wazungu. Sijui walikulia wapi. Bibi yangu alikuwa akifunga mkeka wake na kanga zake, anakwenda Mombasa kutembea mwezi mzima kwa shoga yake, na wanawe wanabaki kwa mawifi. Likiitwa kutembea lilikuwa heshima. Leo ukiliita mapumziko linakuwa dhambi.

Na si lazima uwe tajiri. Treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Baada ya hapo ni mabasi, Singida, Nzega, Shinyanga, mpaka Mwanza, na kulala gesti ambazo nyingine sitazitaja kwa sababu ya kunguni. Ukerewe tulikaa wiki nzima, tukila samaki sato asubuhi na jioni. Kisha tukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililokuwa limefunguliwa tarehe 19 ya mwezi huohuo. Abiria ndani ya basi walipiga makofi. Mzee mmoja akasema pale alishawahi kulala usiku kucha anasubiri kivuko, sasa tumepita hata hajamaliza kumenya chungwa. Tukaendelea mpaka Bukoba.

Lakini kilichonifanya niandike si ziwa. Ni zile saa za kwenye treni. Tumeoana miaka kumi na minne. Saa ya kwanza, Dar mpaka karibu na Morogoro, tuliongea ada, tukaongea mtungi wa gesi, tukaongea kwamba kama umeme wa LUKU utaisha Muheza huko nani atanunua. Baada ya Morogoro tukaishiwa. Kimya kabisa. Nikaogopa, nakiri, niliwaza wiki tatu hizi tutaangaliana tu. Milima inapita dirishani, naye ghafla akaanza kunihadithia kwamba akiwa darasa la sita aliwahi kutoroka kwao, akalala stesheni ya Korogwe siku mbili kwa sababu baba yake alimpiga kwa kosa la kaka yake. Miaka kumi na minne sijawahi kulisikia. Nikaelewa kwa nini hapigi watoto, na kwa nini mimi nikiwafinya anatoka nje. Nyumbani lile lingesemwa saa ngapi? Katikati ya nani kamaliza sukari na nani hajafua soksi?

Sasa upande wa pili, maana nikikomea hapo nitakuwa nimewadanganya.

Usiku wa tano kitinda mimba alipata homa. Mdogo wangu alimpeleka zahanati, akapimwa, malaria, akapewa dawa mseto, siku ya tatu akawa anapanda michungwa na wenzake. Mimi nilikuja kujua siku ya nane, tena kwa bahati mbaya, wa kati alipobwabwaja kwenye simu. Nilikuwa nimeacha daftari la kurasa nne: kadi za bima ziko wapi, nani hali maharage, nani asipewe simu baada ya saa mbili. Mstari wa kwanza kabisa niliuandika kwa wino mwekundu: homa yoyote, nipigie. Nikampigia mimi, nikafoka. Aliniacha nimalize. Akasema, "Dada, ningekupigia ungefanya nini? Ungeogelea kutoka Ukerewe?"

Sikuwa na la kujibu. Kivuko kinachukua karibu saa tatu kufika Mwanza, na Mwanza mpaka Muheza ndiyo kwanza safari inaanza. Alichokifanya ndicho ningekifanya mimi. Kilichoniuma ni kugundua kwamba kilifanyika bila mimi na kikafanyika vizuri.

Hapa ndipo nina ugomvi na wenzangu wanaosafiri. Hija ina sharti ambalo mashekhe wetu hulirudia kila mwaka: huhesabiwi kuwa na uwezo wa kwenda mpaka uwe umewaachia unaowalisha cha kuwatosha hadi utakaporudi. Nauli peke yake haitoshi. Sioni kwa nini safari ya kwenda kula sato iwe na masharti mepesi kuliko safari ya Makka. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi, akiwa hayupo kwa muda, ahakikishe mtoto yuko kwa mtu anayeweza kumlea. Anayeweza. Bibi wa miaka sabini na magoti mabovu, unamshushia wajukuu wanne na kilo mbili za sukari na kitenge kimoja, halafu unapiga picha ufukweni? Huyo bibi hakukubali, alishindwa kukataa. Na dada wa kazi aliyeachiwa nyumba nzima, mshahara uleule, hata siku yake ya kupumzika imeliwa, yeye ndiye aliyekulipia hiyo safari.

Mdogo wangu nilimpa fedha za chakula, na bahasha nyingine kando, nikamwambia hii ni ya jasho lako. Mume wangu hakupenda. "Mdogo wako wa damu unamlipa kama kibarua?" Mdogo wangu mwenyewe aliirudisha mara mbili, kwa aibu, mara ya tatu akaikunja kwenye kanga. Mimi naona aibu ingekuwa kubwa zaidi kama angeandaa maji ya kuoga ya watoto sita kila jioni kwa wiki tatu, wake watatu na wangu watatu, akapata asante.

Kosa langu lilikuwa kwenye urefu. Wakubwa wawili hawakujali. Kifungua mimba aliniuliza kwa nini tumerudi mapema. Ila mtoto wa miaka mitano wiki tatu ni nyingi. Siku tano za kwanza aligombea simu. Baadaye akawa anasema "shikamoo" na kuitupa. Tuliporudi alinipokea vizuri, akakaa mapajani kwa mdogo wangu, akaninyooshea kidole na kumwambia, "Mama, mama mkubwa amekuja."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nikaenda uani nikajifanya natafuta ndala. Aliniita mama mkubwa siku tatu nzima. Ya nne alijikwaa kizingitini, akalia, akaita mama, akaja kwangu. Kwa mtoto wa umri huo ningesema siku kumi zinatosha, na anayenyonya sizungumzii kabisa. Wazazi watakaoniambia kwamba wao waliacha mtoto wa miaka miwili mwezi mzima na hakuna kilichotokea, sibishani nao, mtoto wa miaka miwili hana maneno ya kuwaambia kilichotokea.

Hata hivyo tutakwenda tena. Mama alipoona picha za Bukoba aliziangalia moja moja, akaikuza ile ya ziwa kwa vidole viwili, akauliza kama huko ndiko wanakotafuna buni. Nikamtolea pakiti niliyomletea. Akatafuna moja, akakunja uso, akachukua ya pili. Kuhusu kuacha watoto hakusema kitu tena.

Mwezi wa kumi na mbili ni zamu ya mdogo wangu. Yeye na shemeji wanakwenda Lushoto na kisha Moshi, siku kumi, na wanawe watatu wanakuja kwangu. Ameshanitumia daftari lake, kurasa sita, mbili zaidi ya langu. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu: "Wa pili bado anakojoa kitandani. Usimseme mbele ya wenzake. Homa yoyote, usinipigie."