Kabla hatujapunguza hesabu kwenye uhandisi ujenzi

Makandarasi wana lalamiko ambalo sasa limezoeleka. Kijana anamaliza miaka minne ya uhandisi ujenzi, anakokotoa momenti za bimu, yaani jinsi mzigo unavyotaka kuikunja boriti, bila kufungua daftari, lakini ukimkabidhi ramani ya nondo saiti anaigeuza mara mbili akitafuta juu ni wapi. Anayemwokoa ni fundi wa darasa la saba. Ndipo linapozaliwa pendekezo: vyuo vipunguze hisabati na nadharia ya miundo, nafasi hiyo ichukuliwe na usimamizi wa miradi, ukadiriaji wa gharama na programu za kompyuta. Wahadhiri wengi hawataki hata kulisikia. Pande zote mbili zina hoja, ila naona zinagombea fito wakati nyumba ina tatizo jingine.

Mzigo wenyewe ni huu. Miaka ya mwanzo ni hisabati, mekanika, nguvu za maada (jinsi vitu vinavyostahimili mizigo), upimaji ardhi, uchoraji na vifaa vya ujenzi. Baadaye huja uchambuzi wa miundo, usanifu wa zege na chuma, mekanika ya udongo, haidroliki, haidrolojia (somo la mvua, mito na mafuriko), barabara, maji safi na majitaka, kisha usimamizi wa ujenzi. Majina hubadilika kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi Nairobi hadi Makerere, mifupa ni ileile. Hisabati na miundo ndiyo masomo yanayotisha wanafunzi kwa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na labda kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoheshimiwa kupita mengine.

Ugomvi huu una umri mkubwa. Mwaka 1747 Wafaransa walianzisha Paris shule ya madaraja na barabara, na mhandisi wao akawa mtu wa kupikwa kwa hisabati. Waingereza walimlea wao kifundi: akae chini ya mkubwa wake, abebe vyombo, ajifunze kwa kutazama. Thomas Telford, rais wa kwanza wa taasisi yao ya wahandisi iliyoanzishwa 1818, alianzia kwenye uashi. Njia zote mbili ziliumbuka. Navier, Mfaransa bingwa wa nadharia, alisimamisha daraja la kuning'inia juu ya mto Seine. Mwaka 1826, kabla halijakamilika, bomba la maji lilipasuka karibu na nanga za minyororo, udongo ukalowa, nanga zikasogea, daraja likaishia kubomolewa. Thomas Bouch, mtu wa kazi na uzoefu, alijenga daraja la reli la Tay kule Scotland bila kuupigia upepo hesabu ya maana. Tarehe 28 Desemba 1879 dhoruba ililiangusha treni ikiwa juu yake, na hakuna abiria aliyetoka hai.

Hoja nzito kabisa ya wanaotaka nadharia ipunguzwe ni kompyuta. Hakuna ofisi ya mshauri inayochambua fremu, yaani mifupa ya nguzo na bimu, ya ghorofa kumi kwa mkono. Lakini darasani mwanafunzi bado anamaliza wiki nzima akisambaza momenti kwenye jedwali, kwa njia aliyoichapisha mhandisi Mmarekani Hardy Cross mwaka 1930, enzi ambazo hapakuwa na mashine ya kumsaidia. Hapa nawaunga mkono. Mazoezi mawili matatu yanatosha mtu aone jinsi mzigo unavyohama kutoka kiungo hadi kiungo. Ya kumi na mbili ni adhabu.

Wakivuka hapo na kudai kwamba programu imeiondolea nadharia kazi, wananipoteza. Programu haina aibu. Ukiiambia kwamba nguzo imeshikiliwa imara kabisa chini, kumbe msingi umekalia tope, itakurudishia jibu lenye desimali nne na michoro ya rangi. Anayeweza kulitilia shaka ni yule aliyeshiba kanuni zenyewe: kwamba bimu yenye mzigo uliosambaa sawasawa ukiirefusha mara mbili, momenti yake inakuwa mara nne na kupinda kwake mara 16. Au chukua balkoni. Slabu ya kawaida iliyoegemea kuta mbili huvutika upande wa chini, kwa hiyo nondo kuu zinalala chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, inavutika juu, na nondo kuu lazima ziwe juu. Fundi aliyezoea slabu za kawaida akizilaza chini, au vibarua wakizikanyaga zikadidimia wakati wa kumwaga zege, balkoni itasimama vizuri hadi siku watakapojazana watu wa harusi. Kosa hilo linaonekana saiti, lakini jicho la kuliona linatengenezwa kwenye somo la nguvu za maada.

Niseme jambo kuhusu maghorofa yanayoanguka, kwa sababu kila likianguka moja vyuo vinanyooshewa kidole. Jengo lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa na kibali cha ghorofa 10, likafikishwa 16. Tatizo hapo lilikuwa vibali, ukaguzi na tamaa, na hakuna kipindi cha darasani kingelizuia. Wanaotumia vifusi vile kutetea hesabu zaidi, au hesabu pungufu, wanaazima msiba usio wao.

Ninachokiona mimi ni kwamba miundo imefanywa kaka mkubwa, huku udongo na maji yakibaki wadogo wa kutumwa dukani. Mwanafunzi anayejiona kipanga anataka kusanifu maghorofa. Lakini angalia kinachotuharibikia mara nyingi katika nchi zetu: nyumba zinazopasuka juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, barabara zinazotitia mwaka wa pili, makalavati yanayosombwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba barabara na madaraja Kenya na Tanzania. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na kusini kukatengwa. Hata Navier hakuangushwa na hesabu za minyororo. Aliangushwa na udongo uliolowa.

Na haidrolojia ndilo somo ambalo watu hulipita kwa kukariri. Kalavati likisanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25, wengi, wakiwemo wenye shahada, hudhani wamepewa dhamana ya robo karne. Kinachosemwa ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 wa mafuriko kama hayo au zaidi. Ukipiga hesabu, ndani ya miaka 10 tu uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni karibu theluthi. Hiyo nayo ni hisabati, ya takwimu na uwezekano, na ndiyo ambayo ningeongeza huku nikipunguza majedwali ya Cross.

Turudi kwa yule kijana na ramani yake. Lalamiko la makandarasi ni la kweli, ila dawa yake si somo jingine la kukaa na kusikiliza. Uwiano wa maji na saruji anaujua: 0.5 maana yake lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Asichokijua ni kusimama mbele ya fundi aliyemzidi miaka 20 anayesema, "Injinia, zege hili halitembei," huku ameshika ndoo. Lita 10 zikiingia, uwiano unafika 0.7 na zege linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi. Vipimo vya nguvu ya zege vya siku ya 28 vitakuja kusema, wakati huo slabu imeshabeba ghorofa ya juu yake. Ujasiri wa kuizuia ndoo ile hupatikana saiti peke yake, na ndiyo sababu Tanzania, kupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ina utaratibu tangu 2003 wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu.

Kuna sababu nyingine ya nadharia kutawala ambayo haizungumzwi sana: ni rahisi kwa gharama. Fremu inafundishwa kwa ubao, na wanafunzi 200 wanatosha ukumbini. Kupima ukinzani wa udongo kunahitaji mashine ya bei mbaya, sampuli iliyochimbwa kwa uangalifu, fundi wa maabara na kikundi cha watu watano sita, siku kadhaa. Basi mashine ikiharibika, jaribio hugeuka kuwa karatasi ya matokeo ya mwaka juzi ambayo darasa zima linanakili. Kubadilisha majina ya masomo hakutaitengeneza mashine hiyo.

Makandarasi nao wana deni hapa. Mwanafunzi anayepelekwa kwao kwa mafunzo ya vitendo mara nyingi huishia kuhesabu mifuko ya saruji stoo na kutumwa fotokopi, kisha kitabu chake cha kumbukumbu kinasainiwa chote siku ya mwisho. Kampuni inayotaka mhitimu anayejua kusoma ramani ya nondo ianze kwa kumpa ramani hiyo akiwa mwaka wa pili, asubuhi kabla zege halijamwagwa, na imwambie akague.