Tathmini ya moto ni kazi ya mwenye duka

Ndugu zangu mnaofanya biashara Kariakoo, Mwanjelwa na kwingineko, kati ya yote niliyoyakuta huku Uingereza, ninalotamani lifike nyumbani hata kesho ni daftari la tathmini ya moto.

Kwa sheria iliyoanza kutumika England na Wales Oktoba 2006, mwenye biashara ndiye mwenye jukumu la kutathmini hatari ya moto kwenye jengo lake. Zamani kikosi cha zimamoto kilikuwa kinatoa cheti, utaratibu huo ukafutwa. Sasa tajiri anapita chumba kwa chumba akijiuliza: hapa moto unaweza kuanzia wapi, utapata nini cha kuunguza, nani yumo ndani na atatokea wapi? Mambo yakibadilika, anaanza upya. Wenye wafanyakazi chini ya 5 walikuwa wamesamehewa kuandika. Tangu Oktoba 2023 hata kinyozi mwenye kiti kimoja England lazima aandike.

Mimi nafanya kazi jikoni, mgahawani. Kwenye daftari letu hatari inayoshika nafasi kubwa ni mafuta, hasa ile njia ya kutolea moshi juu ya jiko, ambayo hujaa grisi kwa ndani. Moto ukiingia humo unapanda bila wewe kuuona. Kwa hiyo imeandikwa nani anaisafisha na lini, na mlango wa nyuma tunaufungua kila asubuhi kuhakikisha hakuna maboksi yaliyouziba.

Nyumbani Tanzania sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007, na ukaguzi upo. Lakini waulize wenye maduka ukaguzi ni nini, wengi watakujibu ni tozo. Ukishalipa, cheti kinabandikwa, mtungi mwekundu unakaa nyuma ya magunia, basi. Ngazi zimejaa mabelo ya mitumba, madirisha yana nondo, soketi moja inabeba ekstensheni tatu, na geti la nyuma limepigwa kufuli, funguo anazo tajiri nyumbani kwake Mbezi. Hofu ya wezi naielewa kabisa. Ila Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021 usiku, wateja wameshaondoka. Supamaketi ya Nakumatt, Nairobi, iliungua mchana, Januari 2009, wateja wamo ndani, na zaidi ya watu 20 wakafa.

Sisemi huku wamemaliza. Jengo la Grenfell, London, lilipoungua Juni 2017 na kuua watu 72, lilikuwa na tathmini zake za maandishi, na taarifa ya uchunguzi ya 2024 ilizikosoa. Karatasi iliyojazwa ili mradi ijazwe haimtoi mtu ndani. Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanywe na mwenye duka pamoja na vijana wake, wanaojua soketi ipi inatoa cheche na jenereta inajaziwa petroli wapi.

Hamna haja ya kumsubiri mkaguzi. Jioni moja baada ya kufunga, zimeni taa, kisha mwambieni kijana aliyeanza kazi juzi atoke kwa mlango wa nyuma, peke yake. Akikwama, hapo alipokwama ndipo pa kuandika kwanza. Na namba ya Zimamoto, 114, iandikeni kwa maandishi makubwa pale kaunta.