Jina la Tata kwenye wimbo wa Bob

Chukua santuri ya Natty Dread, albamu ya Bob Marley & The Wailers ya mwaka 1974, usome maandishi madogo yaliyo katikati ya sahani. Wimbo wa pili ni "No Woman, No Cry". Mtunzi anayetajwa pale si Marley. Ni V. Ford.

Wengi wetu tuliokua na wimbo huu redioni na kwenye daladala hatukuwahi kulisikia jina hilo, na wanaolijua wamegawanyika. Wapo wanaosema Marley alimpa rafiki yake maskini utunzi huo kama zawadi, ili umlishe maisha yake yote. Wapo wanaosema ulikuwa ujanja mtupu wa kumkwepa mchapishaji wa muziki aliyekuwa amembana kwa mkataba. Mimi naona zawadi na ujanja vilikwenda pamoja, ila kabla ya kufika huko tuingie kwanza uani kwa huyo Ford, maana wimbo umeanzia humo.

Vincent Ford, wenyeji wakimwita Tata, aliishi First Street, Trench Town, magharibi mwa Kingston. Mtaa huo ulijengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940: kota za watu wa kipato cha chini, vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua mmoja, jiko la pamoja, bomba la pamoja. Hizo ndizo kota za serikali anazoziimba Marley. Aliyewahi kupanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili Magomeni au Pumwani picha anayo tayari: foleni ya ndoo alfajiri, na harufu inayokujulisha jirani anapika nini kabla mwenyewe hajaonja. Marley alifika Trench Town akiwa kijana mdogo, yeye na mama yake, wakitokea kijijini Nine Mile. Ford alikuwa na jiko akiwalisha watu, na vijana wapiga gitaa walikuwa wakikesha kwake. Baadaye kisukari kilimnyang'anya miguu yote miwili, akabaki kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa sikiliza kilichomo kwenye beti. Mwimbaji anakumbuka walivyokuwa wakikaa uani, wakiwatazama wanafiki wakijichanganya na watu wema. Georgie anawasha moto, kuni zinawaka usiku kucha. Wanapika uji wa mahindi, naye anagawana na mwenzake. Gari hana, miguu yake ndiyo gari. Basi. Hamna tukio jingine lolote. Uji wenyewe Wajamaika wanapenda kuupika kwa tui la nazi na viungo, kwa hiyo mtu wa Tanga au Lamu akikaribishwa hapo uani hatauliza maswali.

Kuna jambo kwenye wimbo huu ambalo huwa linanirudia kila ninapousikia. Beti zinawakumbuka marafiki wema waliopotea njiani, na ulirekodiwa wakati Peter Tosh na Bunny Wailer, wenzake Marley tangu Trench Town, walipokuwa wamekwisha kutoka kundini. Sauti zilizoziba pengo lao ni za I-Threes: Rita Marley, Judy Mowatt na Marcia Griffiths. Sisemi aliwalenga Tosh na Bunny. Lakini kusikia wimbo wa kukumbuka wenzako, ukiwa umeimbwa bila wenzako, kuna uchungu wake.

Turudi kwenye karatasi. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Marley alikuwa amefungwa na mkataba wa uchapishaji na Cayman Music, kampuni ya Danny Sims, Mmarekani aliyewahi kumsimamia. Nyimbo alizotunga katika kipindi hicho, sehemu ya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo unapotumika, ilikuwa iende huko. Jina la mtunzi likiwa la mtu mwingine ambaye hana mkataba, Cayman haina cha kudai.

Wanaosema ni ujanja hawana haja ya kutafuta ushahidi mbali, upo kwenye sahani zenyewe. Kwenye Natty Dread hiyohiyo, "Them Belly Full" imeandikwa kwa Legon Cogill na Carlton Barrett, mpiga ngoma wa kundi. Wimbo uliobeba jina la albamu umepewa Rita Marley na Allan Cole, na huyu Cole alikuwa mchezaji mpira. Mwaka 1976 ikaja Rastaman Vibration, na jina la Ford likarudi kwenye "Positive Vibration" na "Roots, Rock, Reggae". "War", ambayo maneno yake yanatoka kwenye hotuba ya Haile Selassie Umoja wa Mataifa mwaka 1963, wakapewa Cole na Barrett. Mkataba ukaisha. Mwaka 1977 ikatoka Exodus, na utunzi wote ukarudi kwa Marley. Yaani mpiga ngoma, mchezaji mpira na mpishi wote waliishiwa mashairi mwaka mmoja.

Hapo mtu anaweza kufunga jalada. Mimi silifungi haraka, kwa sababu mbili.

Kwanza, hata kama jina liliwekwa ili kumkwepa Sims, bado Marley alikuwa na uhuru wa kuchagua nani afaidike. Angeweza kuziandika zote kwa mkewe na fedha zisitoke nyumbani. Huu wa uani, wa moto na uji, akampa mwenye ua. Hakujua kwamba ndio ungekuja kuwa mkubwa kuliko karibu kila kitu alichorekodi, kwa hiyo tusimpe sifa ya kutabiri. Ila kuchagua alichagua. Na Trench Town simulizi ni moja: mirabaha ya wimbo ilisaidia jiko la Tata lisizimike.

Pili, sheria ya hakimiliki inamtafuta aliyeshika kalamu, na uani mambo hayaendi hivyo. Mmoja anapiga gitaa, mwingine anadondosha mstari, wa tatu anacheka na kicheko chake kinageuka kiitikio. Ford hata kama hakuandika neno moja, moto ulikuwa wake na sufuria ilikuwa yake. Mashabiki wa muziki wa dansi na taarabu wanazijua kesi za namna hii. "Malaika" mpaka leo ukiitaja Nairobi utaambiwa ni wa Fadhili William, ukiitaja upande wa pili wa Namanga utaambiwa ni wa Adam Salim. (Na kwa bahati ya ajabu, Boney M walirekodi "Malaika" na "No Woman, No Cry" zote mbili. Hao jamaa walikuwa na pua ya kunusa nyimbo zenye ugomvi wa urithi.)

Hata hivyo kuna mtu anayesahaulika tunaposimulia hadithi ya zawadi, naye ni Sims. Mashabiki wanapenda kumchora kama nyang'au. Ukweli ni kwamba yeye na mwimbaji Johnny Nash walimsaini Marley mwaka 1968, wakati nje ya Jamaika hakuna aliyekuwa akimjua, na Nash akamsogeza mbele kwa kurekodi wimbo wake "Stir It Up". Mtu aliyeweka fedha kwa msanii asiye na jina ana haki ya kukasirika akiona mavuno yanapitishwa mlango wa nyuma. Kama mkataba ulikuwa wa kinyonyaji, na mikataba mingi ya wasanii weusi wa enzi ile ilikuwa ya kinyonyaji, njia ya wazi ilikuwa kuupinga. Marley akapita njia ya panya. Namwelewa. Simpongezi.

Mambo yalifika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2014. Zilikuwa nyimbo 13, huu ukiwemo. Mwaka 1992 Cayman ilikuwa imeuza haki zake kwa upande wa Chris Blackwell, mwanzilishi wa Island Records, na sasa ikadai kwamba hizo 13 hazikuwemo kwenye mauzo, kwa vile wakati ule zilikuwa bado zimefichwa chini ya majina ya watu wengine. Jaji akakataa, akasema zilihamishwa pamoja na nyingine, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Angalia jinsi swali lilivyogeuka. Mahakamani hawakuwa wakibishania nani ametunga. Walibishania nani amenunua. Marley alikuwa amefariki tangu Mei 11, 1981, bila wosia, na Ford tangu Desemba 28, 2008. Wazee wawili wa uani hawakuwepo, na wanasheria wa kampuni mbili wanahesabu kuni.

Kusema kweli, wimbo wa studio wa mwaka 1974 usingelifika mahakama yoyote. Usikilize tena: una chini ya dakika nne, mashine ya ngoma inagonga mapigo yaleyale kama saa ya ukutani, mwendo umeharakishwa. Mzuri, lakini unapita. Ule unaoukumbuka wewe, wa kinanda kinachoingia polepole kama mtu anayefungua mlango wa kanisa, ulirekodiwa jukwaani Lyceum, London, Julai 1975, ukatolewa mwaka huohuo kwenye albamu ya Live!. Una dakika kama saba. Pale mwanzoni Marley hajaimba neno, watu ukumbini wameshaanza kiitikio wenyewe. Ndio uliopanda chati Uingereza, ukapanda tena zaidi mwaka 1981 alipofariki, na ndio uliowekwa kwenye Legend ya mwaka 1984, ile kanda iliyokuwa ikiuzwa hadi kwenye vibanda vya kurekodia vya Kariakoo. Kama tunagawa sifa za utunzi kwa haki, umati wa Lyceum nao una fungu lake.

Tangu hapo ua wa First Street umehamishwa mara nyingi. Mwaka 1979, Brazil ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, Gilberto Gil, mwimbaji aliyekuwa amewahi kufungwa na kwenda uhamishoni London, aliuimba kwa Kireno. Kwake wanafiki wamekuwa watu waliojibadilisha sura wanaozungukazunguka, na marafiki hawakupotea tu njiani: wamefungwa, wametoweka moja kwa moja. Uji na kuni havimo tena, lakini kila Mbrazil wa wakati ule alielewa nani analia na kwa nini. Mwaka 1996 Fugees, kundi la hip hop la Marekani, wakauhamishia ua Brooklyn, New York. Nikilinganisha hizi mbili, ya Fugees naiona nyepesi, wamebadilisha anwani wakaacha samani zilezile. Gil aliingia na mizigo yake mwenyewe.

Na sisi huku? Sisi tuliubadilisha maana bila hata kurekodi. Muulize mtu mtaani jina la wimbo lina maana gani, mara nyingi atakuambia: pasipo mwanamke hakuna kulia. Limeandikwa hivyo vichwani mwa makapera, kwenye fulana, nyuma ya magari. Kumbe kwa Kijamaika hiyo "no" ya pili ndiyo "usi-" yetu. Ni "hapana, mama, usilie", kama tunavyombembeleza aliyefiwa: nyamaza, nyamaza mama. Na mbele kidogo wimbo wenyewe unafafanua, anamwita dada mdogo na kumwambia asidondoshe machozi.

Rafiki yangu mwalimu hukasirishwa sana na tafsiri hii ya vijiweni, anasema tumeuchukua wimbo wa kumfariji mwanamke tukaugeuza wa kumsingizia. Ana haki. Ingawa nami humkumbusha kwamba mfariji mwenyewe hakuwa malaika. Rita Marley alipoandika kumbukumbu zake mwaka 2004 alizipa jina la wimbo huu, na humo ndani anaeleza maisha na mume aliyezaa nje ya ndoa mara kadhaa. Aliyeambiwa asilie alikuwa na sababu, na nyingine zilitoka kwa huyohuyo anayembembeleza.

Mwaka jana nilipanda bajaji Mwenge, maandishi hayo yamebandikwa juu ya kioo cha mbele, No Woman No Cry, nyekundu na kijani. Nikamuuliza dereva yana maana gani. "Braza, hiyo ni bila demu hakuna stresi," akasema, na kwa namna alivyokata kona nikajua kidonda bado kibichi. Nikamweleza habari yote, uani, uji, usilie mama. Akanyamaza hadi taa za Morocco.

"Kwa hiyo jamaa alikuwa anambembeleza?"

"Alikuwa anambembeleza."

Taa ikawaka kijani. "Basi huyo," akasema, "alikuwa hajaachwa."