Biashara ya nyumbani: manispaa inahesabu wateja, jirani anasumbuliwa na kelele

Mada ya watu kufanyia biashara nyumbani ikianza tu utaona wengi wanakimbilia upande wa manispaa, kwamba eneo la makazi ni la makazi, anayetaka biashara akapange fremu kama wenzake. Hoja ina uzito, sikatai. Ila yule anayeshona nguo sebuleni au anayesuka watu chumba cha nje naona hajasikilizwa vya kutosha, na mara nyingi anahukumiwa kwa vurugu ambazo wala hazifanyi.

Manispaa nao wana la kusema, tena la msingi. Miji ilianza kugawa maeneo kwa matumizi sababu viwanda na nyumba za watu vilikuwa vinabanana. New York ikatunga kanuni zake mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, ikakubali kwamba mji una mamlaka ya kupanga nini kikae wapi. Jaji Sutherland aliandika kwamba kero inaweza kuwa kitu kizuri tu kilichokaa mahali pasipo pake, kama nguruwe aliyeko sebuleni badala ya zizini. Ni kweli mpaka leo. Mtu umenunua nyumba unataka utulivu, halafu wa ukuta wa pili anaanza kupiga rangi magari uani, kompresa inawaka saa kumi na mbili asubuhi, harufu ya thina inaingia mpaka kwenye pazia na kwenye godoro la mtoto, ukifunga dirisha mnakosa hewa. Kumwambia huyo avumilie eti mwenzake anatafuta riziki ni kumuonea kabisa.

Sasa shida ni kwamba kanuni nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya yule mpiga rangi zinamwangukia mwingine. Angalia vitu vinavyokatazwa mara kwa mara: usiajiri mtu asiyeishi humo, usiweke kibao, usitumie zaidi ya robo ya nyumba, na sehemu nyingine mteja asikanyage kabisa. Mji wa Nashville, Tennessee, huko Marekani, ulikuwa hivyo kwa miaka, unaruhusiwa kufanya kazi nyumbani lakini mteja haruhusiwi kuja. Mwenye saluni na mtu wa studio ya muziki wakafungua kesi mwaka 2017, mwaka 2020 halmashauri ikalegeza, ikaruhusu wateja sita kwa siku.

Hiyo sita ndiyo inanisumbua. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na sifuri, hilo nalikubali, lakini sita inapima nini hasa? Chukua mwalimu wa kinanda, wanafunzi wanakuja mmoja mmoja baada ya shule, mmoja akitoka mwingine anaingia, muda wote mlangoni kuna gari moja tu. Akifika mwanafunzi wa saba kanuni imevunjwa, wakati jirani hajasikia wala kuona kitu tofauti na alipokuja wa pili. Nyumba inayofuata kuna vijana watatu, marafiki zao wanaingia na kutoka kutwa nzima, muziki juu, magari mawili yameziba njia, na hakuna anayewahesabu sababu hakuna aliyelipa hela. Kwa hiyo kinachohesabiwa pale ni malipo, kero haijaguswa. Na yule mpiga rangi anaweza kuwa na mteja mmoja kwa wiki, kwa hesabu ya sita huyo yuko salama kabisa, inabidi utafute kipengele kingine cha kumkamata.

Linganisha na Japani. Hata kwenye kanda zao tulivu kuliko zote, zile za nyumba fupi tu, unaruhusiwa kuwa na duka dogo, saluni, ofisi au darasa la tuisheni ndani ya nyumba unayoishi, mradi sehemu ya biashara isizidi mita za mraba 50 wala isizidi nusu ya nyumba. Halafu wanaenda mbali zaidi, kwa kazi kama kushona au kuoka mikate, mota za mashine zako kwa ujumla zisizidi kilowati 0.75, yaani karibu nguvu ya farasi mmoja. Cherehani ya kawaida ya nyumbani inakula kama wati 100 hivi, ukiwa nazo tatu nne bado hujafika. Kompresa ya farasi wawili imeshapitiliza kabla hujapokea mteja wa kwanza. Mtu aliyeandika kanuni hiyo alikuwa anafikiria kitu kinachopenya ukutani, na ndiyo maana fundi cherehani anapona na yule mwingine anakwama, bila afisa kusimama getini kuhesabu watu.

Kuna hoja kwamba kuhesabu ni rahisi, kila kanuni ikiwa ya kupima kero utahitaji maafisa wenye vifaa na muda. Ni kweli inagharimu. Lakini tuseme ukweli, hata hizi za kuhesabu hakuna anayezunguka kuzikagua. Kwa kawaida zinafanya kazi jirani akilalamika, basi. Matokeo yake mnaweza kuishi vizuri miaka kadhaa, mkigombana kuhusu mpaka au mbwa, kesho yake msusi anapata barua ya kufunga. Saluni ile ile, viti viwili vile vile, hakuna kilichobadilika isipokuwa jirani amenuna.

Na hapo ndipo naona hasara kubwa kuliko zote ambayo haizungumzwi. Ukishajua unaweza kufungiwa siku yoyote, unajificha. Hukati leseni sababu fomu inauliza biashara iko wapi, huiti fundi mwenye cheti akuwekee waya za kubeba mashine za kukaushia nywele, humwambii mtu wa bima, na bima nyingi za nyumba hazilipi hasara iliyotokana na biashara ambayo haikutajwa, kwa hiyo nyumba ikishika moto unapoteza kila kitu na ya jirani nayo iko hatarini. Manispaa inakosa mapato, zimamoto hawajui kama mle ndani kuna madawa ya nywele na waya zilizoungwa ungwa. Kanuni iliyotakiwa kuleta usalama mtaani imezalisha nyumba zisizokaguliwa.

Wenye fremu nao wanalalamika, wao wanalipa pango wa nyumbani halipi, ushindani siyo sawa. Nawaelewa, ila hilo ni suala la kodi na ada za leseni, lishughulikiwe huko. Mipango miji haikuwekwa ili kulinda pango la mtu, na wengi walio nyumbani hawajakimbia fremu, hawana tu mtaji wa kuanzia, au wana mtoto mchanga, au mgonjwa wa kuangalia.

Mimi ningeandika saa za kazi, kelele mwisho wapi, vitu vya sumu na vya kulipuka marufuku, magari yasizibe njia, kisha wateja wasihesabiwe kabisa. Uingereza hawana namba moja ya kitaifa, wanaangalia kama nyumba bado ni makazi kwanza na kama majirani wanasumbuka, na inawezekana.

Ninapokubali kusita ni kwenye maghorofa ya kupanga. Mnatumia ngazi moja, lifti moja, mlango mmoja wa chini, na kila mteja ni mgeni asiyejulikana anayepita mbele ya milango ya watu wengine, hata akiwa kimya. Hapo kuweka idadi kuna maana, lakini ningependa wakazi wa jengo wenyewe wakae waipange, na iandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajahamia.