Kliniki ya moyo izungumzie na chumba cha kulala

Mtu akitoka hospitalini Kisumu baada ya mshtuko wa moyo, ataambiwa apunguze chumvi, aache sigara, asikose dawa. Kuhusu tendo la ndoa mara nyingi haambiwi kitu. Naye atauliza vipi, mzee mwenye wajukuu, mbele ya muuguzi wa rika la binti yake? Basi wanarudi nyumbani wakaogopana. Mke anahofia mumewe atamfia kifuani, mume anadhani mkewe amemchoka.

Inaniuma kwa sababu majibu yapo. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2012 ulisema kwamba aliyepata mshtuko usio na matatizo mengine, na anayefanya shughuli za kawaida bila maumivu ya kifua, anaweza kurudia tendo hilo baada ya wiki 1 au zaidi. Aliyepasuliwa kifua hungoja wiki 6 hadi 8, mfupa uunge. Kwa wengi jasho la tendo lenyewe ni kama la kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka.

Hatari kubwa iko kwingine. Mgonjwa aliyepewa naitreti, dawa ya maumivu ya kifua kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, akimeza Viagra, presha inaweza kushuka hadi afe. Baada ya Viagra hafai kupewa naitreti kwa saa 24. Baada ya tadalafil, dawa nyingine ya aina hiyo, saa 48. Na dawa za nguvu za kiume hununuliwa kwa siri, pengine zikiitwa mitishamba tu. Wapo pia wanaume wanaoacha dawa za presha kimyakimya kwa sababu zimewapunguzia nguvu, ilhali daktari angeweza kuwabadilishia.

Wanawake ndio wamesahaulika zaidi. Huku magharibi mwa Kenya homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo za wasichana wadogo kabisa. Aliyewekewa vali ya chuma hutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, nayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya kwanza. Kumwambia "usizae" na kumfungulia mlango si ushauri. Aelezwe njia ya kupanga uzazi inayomfaa, maana zenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Na akitaka mtoto, aje kliniki kabla ya mimba.

Mazungumzo haya ayaanzishe muuguzi, siku ya kuruhusiwa, mume na mke wakiwa pamoja, mlango umefungwa, kwa Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili, lugha wanayoongea chumbani mwao.