Alale au atembee? Mwili baada ya operesheni ya kupunguza uzito

Gari la kutoka uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, linapomshusha mgonjwa nyumbani, iwe Bel-Air, Katuba au Ruashi, mabishano yameshamtangulia. Kitanda kimetandikwa, mito mitatu imepangwa, na mdogo wake anamwambia: “Yaya, lala kwanza. Usitembeetembee, mshono utafunguka.” Pembeni yuko kijana wa nyumba anayenyanyua vyuma kila jioni, naye ameshaulizia bei ya sali, yaani ukumbi wa mazoezi. Mtu atoe pesa yote ile akatwe, halafu akae? Kila upande umeshika jambo la kweli, na kila upande unaweza kumrudisha mgonjwa hospitali.

Operesheni zinazozungumzwa hapa ni mbili. Slivu huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza bomba jembamba la mililita 100 hadi 150. Baipasi hutenga kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mdogo, chakula kikapita njia fupi. Zote hufanywa siku hizi kwa matundu madogo manne au matano. Basi watu hudanganyika na ngozi: wanaona vikovu vya sentimita moja moja, wanadhani na ndani ni hivyohivyo. Ndani ya mtu wa slivu kuna mstari mrefu wa pini za chuma, kutoka chini ya mfuko hadi karibu na umio, na mstari huo unahitaji wiki kadhaa kupona. Wapo waliokwenda kukatwa India, Afrika Kusini, Uturuki au Tunisia, wakarudi na karatasi ya maelekezo kwa lugha ya huko. Daktari yuko mbali, majirani wako karibu, na anayesikilizwa ni jirani.

Tuanze na wanaosema alale, maana ndio wengi na ndio wanaokosea jambo la hatari zaidi.

Mtu mnene aliyetoka kwenye usingizi wa dawa, akalazwa chali, damu ya miguuni hupoa mwendo. Ikiganda kwenye mashavu ya miguu, bonge linaweza kupanda hadi mapafuni na kuua kwa dakika chache. Bonge la mapafuni ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika mwezi wa kwanza baada ya operesheni hizi. Ndiyo maana wauguzi humsimamisha mgonjwa siku ileile, hata akilalamika. Mapafu nayo yanadai chake: anayelala bila kuvuta pumzi hadi chini, sehemu ya chini ya mapafu hujikunja na kualika nimonia. Pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho, mto umekumbatiwa tumboni wakati wa kukohoa, hiyo tayari ni kazi ya mwili. Safari ya ndege mbili tatu wiki chache baada ya kukatwa huongeza hatari ya bonge, kwa hiyo aliyeshuka Luano ana sababu zaidi ya kutembea kuliko aliyekatwa mtaa wa pili. Kama alipewa sindano za kuzuia damu kuganda, azimalize zote hata akijisikia mzima.

Kutembea kwenyewe ni kudogo. Wiki ya kwanza nyumbani: dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, uani au barazani. Mwisho wa mwezi wa kwanza afikie dakika 30 kwa siku, hata akizigawa mara mbili. Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya mkononi: aweze kumwamkia jirani na kumuuliza habari za watoto bila kukatisha sentensi. Lubumbashi inasaidia, kwa sababu jiji limekaa kwenye tambarare. Mwenzake wa Bukavu akitoka mlangoni kule Kadutu, dakika yake ya tano tayari ni mlima, na mpango wa tambarare haumfai. Kinachosumbua hapa ni vumbi la kiangazi na malori ya madini. Saa 12 asubuhi, ndani ya mtaa, mbali na barabara kuu, tatizo linapungua.

Sasa tuwape wanaosema alale haki yao. Wana haki juu ya mzigo. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo, waganga wengi huzuia kunyanyua zaidi ya kilo 5 hivi, kwa sababu presha inayopanda tumboni husukuma utumbo kutokea kwenye tundu lililopitishiwa vyombo, nao unakuwa mshipa wa ngiri. Kijana wa vyuma akilisikia hilo atasema mama hatanyanyua chuma, atakuwa nyumbani tu. Nyumbani wapi? Bidoni ya njano ikijaa maji ni kilo 20. Kinu cha sombe, majani ya mihogo, ni mapigo mia kadhaa ya mwili mzima. Na tazama mtu anayesonga bukari, ugali wetu, ya watu wanane: sufuria imebanwa kwa miguu, mgongo umeinama, mikono miwili iko kwenye mwiko, unga umeshakaza, na kila mzunguko unaanzia kwenye misuli ya tumbo, pumzi imezuiwa. Tumbo lenye majeraha halipaswi kufanya zoezi gumu namna hiyo, nalo halimo kwenye karatasi yoyote iliyotoka India. Mwanamke “anayepumzika” nyumbani mara nyingi amekatazwa kutembea barazani lakini hajapokonywa mwiko. Tukiulizwa kitu kimoja cha kubadilisha katika familia, tungesema hiki: mpokonyeni mwiko na bidoni kwa wiki sita, mwacheni na miguu yake.

Wana haki pia kwamba si kila uchovu ni uvivu. Wiki za mwanzo mtu anaishi kwa vinywaji na vyakula vilivyopondwa, kalori mia chache kwa siku. Kama bado anatumia dawa za presha au kisukari kwa kipimo cha zamani, matembezi ya dakika 20 yanaweza kumwangusha, hasa glibenclamide na insulini, kwa sababu sukari hushuka haraka baada ya operesheni. Kipimo cha dawa kipitiwe upya na daktari kabla ya kuongeza mwendo.

Kuna jambo lingine ambalo pande zote mbili hulikosea hapa kwetu, nalo ni homa. Mshono wa ndani ukivuja, dalili hutokea zaidi katika wiki mbili za mwanzo: homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, na mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Lubumbashi homa ina jina lake tayari. Mgonjwa anatobolewa kidole, kipimo kinasema malaria, anapewa vidonge, siku tatu zinapita. Lakini watu wengi wanaoishi kwenye malaria hubeba vijidudu bila kuugua, kwa hiyo kipimo kuwa chanya hakuondoi uvujaji. Yanaweza kuwa yote mawili. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 120, pelekeni mgonjwa kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji na mashine ya picha, usiku huohuo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla, ni safari ileile.

Tuhamie kwa kijana wa vyuma. Kosa lake ni kuamini kwamba mazoezi ndiyo yatakayoyeyusha kilo. Miezi sita ya mwanzo kilo zinaondolewa na kisu: mtu anakula kidogo mno na homoni za njaa zimebadilika. Tafiti zilizolinganisha waliofanya mazoezi baada ya operesheni na wasiofanya zilikuta tofauti ya uzito ya kilo 2 hivi. Kilo mbili! Aliyejitesa kwa ajili ya mizani atavunjika moyo, na ana haki.

Lakini hoja yake ina mguu wa pili ambao mwenyewe hausemi. Kati ya kilo 10 zinazoondoka, mbili hadi tatu zinaweza zisiwe mafuta bali misuli na vinavyoambatana nayo. Mizani haitofautishi. Mtu amepungua kilo 35, anasifiwa, na anashindwa kuinuka kwenye kiti cha plastiki bila kushika magoti. Mtaani watasema amekonda kama mgonjwa, na safari hii mtaa haujakosea sana. Kinachozuia hilo ni mazoezi ya nguvu, mara mbili au tatu kwa wiki, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane kwa ruhusa ya daktari au ya mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kine kama tunavyomwita. Sali si lazima. Kuinuka kitini na kukaa, mara 10, mizunguko mitatu. Kusukuma ukuta kwa mikono, vivyo hivyo. Bidoni ya lita 5 iliyotiwa lita 2 za maji, kuivuta hadi ubavuni mgongo ukiwa umenyooka; kila wiki mbili unaongeza nusu lita. Pumzi itoke wakati wa kunyanyua, isizuiwe. Mazoezi ya kulala chali na kuinua kifua, yale vijana wanayopenda kwa ajili ya tumbo, yangoje hadi mwezi wa tatu.

Sali ina faida zake: vyuma vinapimika, na mvua ya Januari haivunji ratiba. Hasara yake ni mwalimu asiyejua slivu ni nini, anayempa mgeni mpango wa kijana wa miaka 22 na kumwambia anywe nusu lita ya maji kwa pigo moja. Hawezi. Bomba la mililita 100 haligugumii. Likijaa ghafla linauma na kurudisha. Anahitaji lita moja na nusu kwa siku, na kwa funda la mililita 30 hizo ni funda 50, huku nusu saa baada ya kila mlo ikiwa haramu kunywa. Chupa inatembea naye tangu anapoamka. Oktoba, joto kabla ya mvua, asiyemaliza chupa ya nusu lita kabla ya saa nne asubuhi asitegemee kufidia jioni. Mkojo mweusi kama chai ni amri ya kuahirisha zoezi.

Na zoezi bila protini ni kujenga nyumba kwa udongo bila maji. Anahitaji gramu 60 hadi 80 kila siku, kwenye mfuko unaobeba mlo wa kikombe kidogo. Yai lina gramu 6, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina 20 au zaidi, maharage yaliyopikwa kiasi kilekile yana 8 au 9. Bukari ina mbili tatu tu. Bukari pia inanata na kukwama, na ikitangulia inaziba nafasi. Kwa hiyo sahani igeuzwe: samaki kwanza, lengalenga (mchicha) ifuate, tonge la mwisho liwe dogo. Finkubala, viwavi wa kuliwa, waliokaushwa wamejaa protini, ila ngozi yao ni ngumu; wasagwe na kuchanganywa kwenye uji, na baada ya mwezi wa pili. Ukarimu wa kulazimisha “kula kidogo tena, Mama” ndio tunaouogopa kuliko sali yoyote.

Magoti yataanza kuuma mara mwendo unapoongezeka. Hapo farmasia ya kona ina diclofenac na ibuprofen. Kwa mtu wa baipasi dawa hizo huchimba kidonda mahali kifuko kilipounganishwa na utumbo, na sindano haina nafuu, maana dawa hufika kwa damu. Paracetamol, maji baridi gotini, na kupunguza mwendo kwa siku tatu. Kutapika kunakoendelea siku kadhaa si jambo la kuvumilia nako: vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache, miguu ikafa ganzi, macho yakaona viwili viwili, mtu akapepesuka. Majirani watasema amelogwa. Anahitaji sindano ya B1 haraka, kabla hajatundikiwa dripu ya sukari.

Mwaka wa pili mabishano hubadilika, na hapa tunaegemea kwa kijana. Njaa hurudi kidogo, mfuko hutanuka kidogo, kisu kimeshamaliza kazi yake. Wanaotembea dakika 150 hadi 300 kwa wiki hushikilia uzito wao vizuri zaidi kuliko wasiotembea, ijapokuwa mwaka wa kwanza walionekana sawa kwenye mizani. Dakika 300 ni kama 45 kila siku, na kushuka takisi vituo viwili kabla ya nyumbani kunakupa sehemu yake bila kulipa mtu.

Kipimo tunachokipenda ni kiti kilekile cha plastiki, kikiegemezwa ukutani kisiteleze. Mikono kifuani, sekunde 30 kwenye simu, hesabu mara ngapi anainuka na kukaa; iandikwe tarehe ileile kila mwezi pembeni ya kilo. Kilo zikishuka na hesabu ikapanda, aendelee. Zote mbili zikishuka, asiongeze mazoezi bado: kwanza ihesabiwe protini ya wiki hiyo, yai kwa yai.